Vibao vya Mtoni

Harufu ya mchanga wa mto unaochimbwa kiangazi haifanani na harufu ya mvua. Ya mvua hupaa na kumfikia kila mtu, hata asiyeitaka. Ya mchanga hukaa shimoni, na lazima uiname mpaka nywele ziguse ukingo ndipo uipate: harufu ya baridi, kama ya chungu kipya kilichotiwa maji mara ya kwanza. Nimezeeka, nimezika mume na watoto wawili, na mengi yaliyoniudhi ujanani nimeyasahau hata nikikumbushwa. Lakini nikipita mahali mafundi wanapomwagia mchanga maji wachanganye saruji, harufu ile ikanijia, hasira hunipanda mpaka masikio yakawaka moto. Wajukuu zangu hudhani ni presha, hukimbilia kuniletea kiti. Si presha.

Mji wetu uko mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe, na sisi wenyeji tuliuita Bandarini. Watu wa pwani walipolisikia jina hilo walicheka, maana ni bandari gani hiyo isiyo na bahari wala mashua, na mto wake una maji wiki sita kwa mwaka, miezi mingine yote ni mchanga mtupu. Basi na wacheke. Zamani za misafara, kabla reli haijafika, hapa ndipo mizigo ya nusu ya nchi iliposhushwa. Upande wa magharibi kulikuwa na nyika kavu isiyo na maji ya kunyweka, kwa hiyo kila msafara, uwe unakwenda bara au unarudi pwani, ulitua mtoni kwetu, ukanywa, ukajaza vibuyu, ukawalipa Wagogo ushuru wa maji, ndipo ukaendelea. Mahali kila kundi lilipotua paliitwa gati. Wapo ambao hawakuendelea. Waliugua, walichoka, waliachwa, walioa, na hao ndio waliozaa mji: Waislamu wa kofia na kanga katikati ya Ugogo, wanaosoma maulidi kila mwaka na kula ugali wa uwele kwa mlenda kama majirani zao.

Magati yalikuwa matatu, na sisi watoto tuliyajua kama tunavyojua vidole. Gati la juu lilikuwa la familia ambazo wazee wao walifika na bidhaa. La kati lilikuwa la watoto wa wapagazi. La chini lilikuwa baada ya bwawa ambapo ng'ombe wa Wagogo walinywa na kukojoa, na waliochimba visima huko walikuwa wale ambao wazee wao hawakufika kwa hiari yao. Hilo kila mtu mzima alilijua, na hakuna aliyelitamka. Kumwuliza mwenzako babu yake alifika na nini kulikuwa utovu wa adabu mkubwa kuliko kumtukana. Bibi yangu Tausi, mama yake baba, alichimba gati la juu, ubavuni mwa kisima cha Jumbe Shomari. Babu, aliyefariki kabla sijazaliwa, alikuwa mwuza nguo na chumvi, na mkewe alikaa mahali pa mumewe. Baba alifanya kazi ya reli Gulwe, mama alikuwa huko pamoja naye, na mimi niliachwa kwa Bibi ili nisome chuoni kwa Maalim.

Sasa nieleze kazi ya Bibi, maana bila kuieleza hamtaelewa walichomnyang'anya. Visima vyetu vilikuwa vya mchanga. Mvua zikija, mto ulishuka na magogo na mizoga ukafuta kila kitu, na kiangazi kikirudi ilibidi kuanza upya. Shida ni kwamba chini ya mchanga ule maji yalikuwa ya namna mbili: matamu na ya magadi. Unaweza kuchimba hapa ukapata maji ya kumpa mgeni, ukasogea hatua tano ukapata maji ya kukuendesha tumbo siku tatu. Mkondo wa maji matamu ulihama kila mwaka, na mtu wa kuutafuta alikuwa Bibi. Alikwenda asubuhi mchanga ukiwa bado baridi, bila viatu, akitembea taratibu na mikono nyuma. Hakuruhusu mtu kumtangulia. Mimi nilimfuata nikikanyaga katika nyayo zake. Mahali kisigino kiliposhtuka kwa baridi alisimama, akachimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa, akatia chembe za mchanga ulimini, akatema. Akishatema mara ya tatu alisema, "Hapa." Wanaume wakaja na majembe. Akimaliza kisima chake aliwaonyesha na wengine wa gati la juu wachimbe wapi, kila mwaka, na sikuwahi kusikia akilipwa zaidi ya ahsante.

Jioni moja alinikalisha katikati ya magoti yake anisuke. Nilikuwa na miaka tisa. Huku akigawanya nywele kwa chanuo aliniambia kwamba naye alikuwa na miaka kama yangu alipoufikia mto huu. Alitoka mbali, ng'ambo ya ziwa, kutoka kijiji ambacho lugha yake alikuwa amebaki na maneno manne tu. Watu wazima walifungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Watoto hawakufungwa, waliachwa watembee pembeni, maana mtoto atakwenda wapi? Yeye alishika ncha ya kamba iliyoning'inia kwa mama yake, akatembea hivyo siku zisizohesabika, jicho likiwa mgongoni mwa mama yake. Mama hakufika mtoni. Babu yangu alimkuta gati la chini, akamnunua, akamwachia huru, baadaye akamwoa. Nikamwuliza mama yake aliitwaje. "Nitakuambia ukivunja ungo," alisema. "Na haya nimeyasukia humo kichwani mwako. Yasitoke." Nikaitikia, na kwa kweli nilikusudia yasitoke.

Mwaka ule vita vya pili vilikuwa vimekwisha kitambo kidogo, na wageni walianza kupita na treni ya reli ya kati kutembea tu, bila kazi wala mahubiri. Kwetu lilikuwa jambo geni, mtu kutoka ng'ambo aje kutazama watu wanavyoishi kisha arudi. Mke wa mzungu mmoja wa serikali, tuliyemwita Memsahibu, alipenda sana habari za kale. Alishinda mtoni na mwavuli wake akiuliza na kuandika, akisaidiwa na karani wake, kijana mwenye miwani aliyetoka Dodoma. Akaamua kwamba kundi moja la wageni lishushwe Gulwe, liletwe kwetu kwa magari, na lionyeshwe bandari ya zamani jinsi ilivyokuwa. Kutakuwa na msafara wa kuigiza: tajiri na mwavuli, wapagazi na mizigo, na mwishoni mateka. Jumbe Shomari alifurahi kupita kiasi. Alijipa yeye mwenyewe nafasi ya tajiri, akaanika joho la baba yake juani siku mbili kuondoa harufu ya nondo.

Karani alikuja chuoni kuchagua watoto. Wapagazi wakapatikana mara moja, maana kubeba mzigo mtupu ni mchezo. Alipofika kwenye mateka hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mtoto alisema babu yake alikuwa tajiri. Ukitusikiliza siku ile ungedhani misafara ilikuwa ya matajiri watupu, wakibebana wao kwa wao. Karani akacheka, akasema atakayekubali atasimama mahali wageni watakapomwona vizuri, atapewa kanga mpya kutoka duka la Mhindi na kopo la biskuti. Nilikuwa na kanga moja. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikasimama. Akachukua kamba akataka kunivika shingoni, nami, kwa kiburi cha mtoto anayejua kitu ambacho wakubwa hawakijui, nikamsahihisha. "Watoto hawafungwi. Mtoto anashika ncha, hivi." Nikamwonyesha, jicho mgongoni mwa aliye mbele. Karani akavua miwani yake.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi. Yeye alitembea hivyo."

Maalim alikohoa, akafungua juzuu na kutuambia tusome, ingawa haukuwa wakati wa kusoma. Karani aliandika kitu kwenye daftari lake, na kabla ya magharibi maneno yangu yalikuwa yameshafika nyumba ya Jumbe. Kwa Bibi hayakufika. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia usoni, na mimi nilishaanza kuhisi kwamba nimefanya jambo, nikanyamaza nikiombea liishe lenyewe.

Siku ilipofika, wageni waliwekewa viti ukingoni chini ya turubai, wakanywa maji ya malimau yaliyochotwa kisimani kwa Bibi. Naikumbuka kofia moja ya kike yenye maua ya kitambaa, na mzungu mwembamba mwenye kamera ya miguu mitatu. Ngoma ikapigwa, Jumbe akapita na joho akipunga mkono kama bwana harusi, wapagazi wakapita wakicheka na magunia yenye pumba. Kisha sisi. Wanawake wawili wa gati la chini walikuwa wameambiwa na Jumbe wavae kamba, na hawakuwa na la kumjibu. Mimi nilikuwa nyuma yao na kanga yangu mpya, nikishika ncha. Wao hawakucheka. Mmoja wao alikuwa akitetemeka mgongo, na kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nitazame mgongoni, niliuona.

Bibi alikuja kuchota maji kama kila siku. Alidhani ni ngoma tu ya wazungu. Nilimwona akisimama ukingoni na ndoo kichwani, akanitazama, akaitazama kamba, akanitazama tena. Akaitua ndoo chini polepole bila kumwaga. Akashuka mchangani mbele ya watu wote, akanikuta, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja mpaka ncha ikaanguka. Kisha akanishika mkono, akanitoa mstarini, tukapanda ukingo upande wa pili. Na wale wageni, Mungu ni shahidi wangu, walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mwenye kofia ya maua alipangusa machozi akapiga makofi, na yule mwembamba akatupiga picha. Makofi yale ninayo masikioni mpaka leo. Nimewahi kuondoka kwenye harusi ya watu kwa sababu yalipigwa ghafla nyuma yangu.

Yangekwishia hapo pengine tungeyaficha, maana mji wetu ulikuwa hodari wa kujitia haukuona. Lakini Memsahibu alikuwa na zawadi kwa mji. Juma lililofuata vilikuja vibao vitatu vya mbao, vimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, ili wageni wengine wakija wasipotee. Vikachomekwa ukingoni: Gati la Wafanyabiashara. Gati la Wapagazi. Gati la Watumwa. Jambo ambalo wazee wetu walilimeza kwa miaka yote ile, na kwa kulimeza wakaweza kuoana na kuzikana, lilisimamishwa juani kwa misumari na mgeni aliyekuwa ahamishiwe Tabora mwaka unaofuata. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alinipa pipi. Nasema tu kwamba alikuja kutazama, na alipomaliza kutazama sisi tukabaki na vibao.

Siku ya tatu baada ya vibao tulimkuta Jumbe Shomari kisimani na wazee wawili. Bibi alimpa salamu, akaitikia akitazama pembeni.

"Bi Tausi," alisema, "mimi sina neno na wewe. Marehemu alikuwa rafiki yangu. Lakini watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba gati hili lina wenyewe. Na sasa limeandikwa. Wageni wakija wakikuta mambo hayalingani na kibao, tutaonekana mji wa waongo."

"Shomari. Baba yako alifika hapa na nini?"

Wazee wawili walitazama mchanga kana kwamba wameangusha sindano. Mimi nilimtazama Bibi nikingoja alitoe jibu hilo yeye mwenyewe, maana nilijua analijua, na angelisema siku ile mji mzima ungetikisika. Hakulisema. Aliinua kata yake ya kibuyu, akaitia kwenye ndoo, akateremka. Tulipita gati la kati, tukapita bwawa la ng'ombe na mainzi yake, mpaka gati la chini. Wanawake wa huko walisogea wakampa nafasi bila kuuliza. Kijana mmoja wa Kigogo aliyekuwa akinywesha ng'ombe alimwambia "Mbukwa", naye akaitikia salamu yake vizuri, kama siku nyingine yoyote. Kisha akavua ndala, akaanza kutembea taratibu na mikono nyuma.

Mvua za mwaka ule zilifuta visima vyote. Kiangazi kiliporudi, watu wa gati la juu walichimba mahali walipopenda, wakapata magadi. Wakasogea wakachimba tena, magadi. Gati la chini, kupita kinyesi cha ng'ombe, Bibi alipata maji ambayo sijawahi kunywa mfano wake. Ndipo nilipofurahi. Nililala nikifikiria nyumba ya Jumbe ikinywa magadi, joho na kila kitu. Kisha mchana mmoja nikawaona wakija, wake wa Jumbe wenyewe, na ndoo vichwani na nyuso zimefunikwa kanga nusu. Wakasimama mbali kidogo. Bibi akawaita kwa mkono, akawachotea. Hakupunguza hata kata moja. Walipoondoka nililia kwa hasira, nikamwuliza kwa nini anawapa.

"Nilifika mtoni hapa nina kiu," alisema. "Aliyenipa maji hakuniuliza kitu."

Watu nikiwasimulia habari hii husifu moyo wake, wakasema tuige. Sisifu. Mimi nilitaka awanyime. Bado nataka. Alichota kisima cha chini miaka saba, mpaka akafa, na siku ya mazishi Jumbe Shomari alishika jeneza mbele akilia kwa sauti. Nimeshindwa kumsamehe yeye, nimeshindwa kuwasamehe wale waliokunywa maji ya malimau, na kuhusu yule mtoto aliyeuza siri kwa kanga, naye sijui nimfanye nini. Bibi hakunigombeza hata siku moja. Aliendelea kunisuka kila Alhamisi. Ila alisuka kimya. Nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na minne, nikaketi katikati ya magoti yake nikingoja jina la mama yake. Akanisuka, akafunga mkia wa mwisho, akanigonga kidogo begani kuniambia amemaliza. Sikuthubutu kuuliza. Jina hilo hakuna anayelijua sasa duniani.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa ofisi ya utamaduni kutoka Dodoma mjini, na gari jeupe na adabu nzuri. Alinipa shikamoo kabla hajavuka kizingiti. Akaniambia kwamba wageni siku hizi wanashuka treni ya umeme Dodoma na hawana pa kwenda, na kwamba Bandarini pana hazina. Ameshachonga vibao vipya, akanionyesha picha zake kwenye simu: mbao za mninga zilizopigwa vanishi, maneno yale yale matatu, na mishale. Kisha akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na picha kubwa iliyopatikana sijui kwenye nyaraka gani huko ng'ambo. Mwanamke mwenye kanga, mgongo umenyooka, anampandisha mtoto ukingoni. Chini imeandikwa: igizo la msafara, waigizaji wenyeji. Alisema itakuwa kwenye tangazo. Alisema watu wanaipenda sana kwa sababu mama yule ameigiza vizuri mno.

Nilimwambia yule ni nani. Kijana alijuta, naamini kwa dhati, akaandika kwenye daftari lake kama karani wa kwanza alivyoandika. Lakini mpango haukubadilika. Anataka mimi, mtu wa mwisho anayejua kutafuta maji matamu mchangani, niwaonyeshe wageni jinsi tulivyokuwa tukichimba. Mji una bomba sasa, na mchanga wenyewe unakwisha, malori yanauzoa usiku na mchana kwenda kujenga Nzuguni, kule Dodoma. Mchanga aliouonja Bibi yangu umo kwenye kuta za watu wasiomjua. Kwa hiyo ni lazima tuwahi, alisema. Viti vitapangwa gati la juu, kwa sababu ndipo magari yanapoweza kuegesha, pana kivuli, na kule chini kuna njia mbaya na mavi ya ng'ombe.

Nimemjibu nitakuja. Nitavua viatu vyangu, nitafunga mikono nyuma, na nitachimba mbele ya yeyote anayetaka kutazama. Nitachimba gati la chini. Viti vyao vikae huko huko juu vilikopangwa. Anayetaka kuonja maji ya Bibi Tausi na ateremke kwa miguu yake mwenyewe, apite vibao vyote vitatu, apite bwawa, akanyage mavi, mpaka pale alipoteremshwa Bibi. Na atakayepiga makofi nitamfukuza.